Hamisha, Geuza Alama

Uhakiki ni kazi ya kupima maneno. Mhakiki husoma shairi akauliza kama vina vyake vimetimia na kama fikira yake ni ya kweli. Husoma hadithi akauliza kama watu wake wana damu mwilini au ni sanamu za mbao. Leo, msomaji, nakualika tuutoe uhakiki katika baraza yake ya kawaida tuuingize katika chumba cha hisabati. Huko nako kuna maneno ya kupimwa, na mengine yamekaririwa miaka mingi bila ya kupimwa hata mara moja. Utungo tutakaouhakiki una maneno matatu tu, nao ni huu: "Hamisha, geuza alama."

Yamkini uliusikia ulipoanza kusoma aljebra. Mwalimu huandika mlinganyo ubaoni, akaonyesha kwa chaki alama ya usawa, akasema kwamba alama hiyo ni kama mto. Namba inayotaka kuvuka mto haina budi kubadili vazi lake: iliyokuwa chanya huwa hasi, na iliyokuwa hasi huwa chanya. Darasa huitikia kwa sauti moja. Na tangu siku hiyo wimbo huo hukaa kinywani mwa mwanafunzi mpaka ndani ya chumba cha mtihani.

Mimi nami niliuimba. Nilikuwa na umri kama wako nilipopewa, katika jaribio la darasani, mlinganyo huu: 5x = −20. Niliona 5 imesimama upande wa kushoto, nami nilitaka x ibaki peke yake. Nikaihamisha 5, nikageuza alama yake, nikapata x = −20 − 5, yaani x = −25. Daftari lilirudi na mstari wa wino mwekundu juu ya jibu langu, bila ya neno la maelezo. Nilijiona mtu aliyedhulumiwa. Nilikuwa nimehamisha; nilikuwa nimegeuza alama; kosa langu lilikuwa nini? Kwa muda mrefu niliamini kwamba hisabati ni nchi ambayo sheria zake hubadilika kila asubuhi, na kwamba wenye akili huzaliwa wakizijua. Imani hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko alama chache nilizokosa, nayo ndiyo sababu ya insha hii.

Mhakiki mwadilifu huanza kwa kutaja sifa kabla ya kutaja ila, nasi tufanye hivyo. Kanuni hii ni fupi, hukumbukwa kwa urahisi, na mahali pake panapofaa haidanganyi. Tukipewa x + 7 = 15, tunaihamisha 7, tunageuza alama, tunapata x = 15 − 7, yaani 8. Tukipewa 4x − 9 = 2x + 5, tunakusanya wenye x upande mmoja na namba tupu upande wa pili: 4x − 2x = 5 + 9; basi 2x = 14, na x = 7. Mwenye kutaka kuhakikisha na aweke 7 mahali pa x: upande wa kushoto 28 kutoa 9 ni 19, na upande wa kulia 14 na 5 ni 19 vile vile. Kazi imetimia. Asiyekiri sifa hii si mhakiki bali ni mgomvi.

Lakini sifa hiyo ndiyo inayoficha ila zake, na ila zenyewe ni tatu.

Ila ya kwanza ni kwamba kanuni haisemi mipaka yake. Haisemi ni namba ipi inayohamishwa kwa kugeuzwa alama, na ni ipi isiyohusika kabisa. Katika x + 7 namba 7 imejumlishwa na x. Katika 5x namba 5 imezidishwa kwa x. Aliyejumlishwa huondolewa kwa kutoa, na aliyezidishwa huondolewa kwa kugawanya. Katika kugawanya hakuna alama inayogeuka. Kwa hiyo 5x = −20 hutupa x = −20 ÷ 5, yaani −4, na si −25. Wako pia wanafunzi waliokwisha kuonywa kwamba hapo yafaa kugawanya, lakini wimbo bado unavuma masikioni mwao. Basi hugawanya na kugeuza alama kwa pamoja, wakaandika −20 ÷ −5, wakapata 4. Kanuni moja imezaa makosa mawili yasiyofanana, na kila mkosaji anaapa kwamba ameifuata. Sheria inayoweza kufuatwa kwa uaminifu ikampeleka mtu shimoni si sheria kamili.

Ila ya pili ni kwamba kanuni hii inasema jambo ambalo halikutendeka. Namba hazina miguu. Hazihami wala hazivuki mto. Katika x + 7 = 15 kilichotendeka ni kwamba tumetoa 7 katika pande zote mbili. Upande wa kushoto 7 iliyokuwapo na 7 iliyotolewa zimemalizana, x imebaki peke yake. Upande wa kulia 15 imepungua kwa 7. Mtazamaji wa mbali huona 7 imetoweka huku na −7 imetokea kule, akadhani ni msafiri yule yule amevuka. Si yeye. Wa kwanza alilipwa deni lake palepale alipokuwa, na malipo kama hayo yakatolewa upande wa pili ili haki isipotee.

Ila ya tatu ni mbaya kuliko zote, kwa sababu inaharibu lugha yenyewe. Mlinganyo ni sentensi. Una upande wa kushoto, una upande wa kulia, na katikati una kitenzi chake, nacho ni alama ya usawa. Kitenzi hicho husema neno moja tu: "ni sawa na." Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba alama hiyo ni mto, au ni mlango wa kutokea jibu, huacha kuisoma. Ndipo unapoona katika karatasi mstari kama huu: 2x + 3 = 11 = 2x = 8 = x = 4. Usome kwa sauti, msomaji. Unasema kwamba 11 ni sawa na 8, na 8 ni sawa na 4. Hakuna muuza duka atakayekubali hesabu hiyo, hata kama jibu la mwisho ni la kweli. Mwandishi wake amefika nyumbani, lakini njiani amesema uongo mara mbili.

Alama hiyo ya usawa ina historia, nayo inafaa kukumbukwa. Ilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1557, katika kitabu cha Robert Recorde, mtu wa Wales. Alikuwa amechoka kuandika maneno "ni sawa na" tena na tena, akachagua mistari miwili iliyolala sambamba, yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Tazama uzuri wa fikira hiyo: umbo la alama ni maana yake. Kuiita mto ni kuinyang'anya maana aliyoitafutia mwenyewe.

Je, kanuni yetu ilitoka wapi? Ina asili tukufu kuliko inavyoonekana. Karibu mwaka 820, katika mji wa Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Ilikuwa enzi ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, na neno al-jabr likaenea Ulaya mpaka likawa jina la elimu nzima: aljebra. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuko mbali na chemchemi hiyo, maana maneno yetu hesabu na sifuri nayo yametujia kwa Kiarabu.

Maana ya al-jabr ni kurudisha kilichopungua, au kuunga kilichovunjika. Neno la asili hiyo lilitumika Hispania hata kwa mganga wa kuunga mifupa. Na al-muqabala ni kukabilisha: kuweka vitu viwili ana kwa ana na kuondoa vinavyofanana. Tuchukue mfano wetu wenyewe: 10 − 2x = 4. Mtu wa Baghdad angesema kwamba kumi hii imevunjika, imepungukiwa na vitu viwili. Basi na iungwe. Angeongeza vitu viwili upande wa kushoto ili kumi iwe kamili, na kwa kuwa ameongeza huku, angeongeza na kule: 10 = 4 + 2x. Hiyo ndiyo jabr. Kisha angekabilisha: 4 iko kulia, na ndani ya 10 iliyo kushoto mna 4 pia; ziondolewe zote mbili, libaki 6 = 2x. Basi kitu kimoja ni 3. Hapana kilichohamishwa, na hapana kilichogeuzwa. Kila tendo lina jina, lina sababu, na limetendwa pande zote mbili.

Sisemi kwamba kitabu cha al-Khwarizmi hakina upungufu. Aliandika yote kwa maneno, hata namba zenyewe, bila ya x wala alama ya usawa, na mlinganyo ambao sisi twauandika kwa mstari mmoja yeye huueleza kwa aya nzima. Tena hakutumia namba hasi zisimame peke yake kama tunavyozitumia sisi. Wepesi wa maandishi yetu ni neema waliyotuachia waliokuja baada yake. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho wimbo wetu wa darasani umekipoteza: alijua anachotenda na kwa nini anakitenda. Sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu mirathi na wasia, mahali ambapo kosa la hesabu ni haki ya yatima iliyoliwa. Kwa mtu wa namna hiyo usawa haukuwa mchezo wa kuvuka mto.

Walimu wengi, wakitaka kuponya ila hizi, huleta mfano wa mizani: alama ya usawa ni mti wa mizani, na pande mbili ni vitanga vyake. Ukitoa jiwe katika kitanga kimoja, toa jiwe la uzito ule ule katika cha pili, la sivyo mizani itainama. Mfano huu ni bora mara nyingi kuliko mto, kwa sababu unafundisha uadilifu. Hata hivyo nao tuupime. Unafaa kwa x + 7 = 15; lakini katika x + 9 = 4, ambapo x ni −5, ni jiwe gani lenye uzito pungufu ya sifuri? Mfano umefika ukingoni. Chukua kutoka kwake ile amri yake moja, yaani utendalo upande mmoja litende upande wa pili, kisha uache vitanga vyenyewe dukani.

Sasa tuijaribu amri hiyo katika swali la namna inayopendwa na watahini. Tafuta x ikiwa (2x − 1)/3 − (x − 4)/2 = 3. Hapa wimbo wa kuhamisha hauna la kusema, maana hapana namba iliyo tayari kuhama. Amri ya usawa inasema: sehemu hizi zina asili 3 na 2; namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili ni 6; basi zidisha kwa 6 kila kilichopo, kushoto na kulia. Tunapata 2(2x − 1) − 3(x − 4) = 18. Tukifungua mabano, 4x − 2 − 3x + 12 = 18. Tukikusanya, x + 10 = 18. Tukitoa 10 pande zote mbili, x = 8.

Kuna mitego miwili hapa, na maelfu wamenaswa. Mtego wa kwanza uko upande wa kulia: mwanafunzi huzidisha sehemu zake kwa 6 akaisahau ile 3 iliyo peke yake, akaandika x + 10 = 3, akapata −7. Aliyezoea amri ya usawa hawezi kuisahau, kwa kuwa kwake hakuna tendo la upande mmoja. Mtego wa pili uko katika −3(x − 4). Alama ya kutoa iliyo nje hugusa kila kilicho ndani ya mabano, na −3 mara −4 ni +12; anayeandika −12 hupata x − 14 = 18, na jibu lake huwa 32.

Lakini twajuaje kwamba 8 ndiyo kweli, na kwamba −7 na 32 ni uongo? Hapa ndipo hisabati inapozishinda elimu nyingi kwa ukarimu. Shairi haliwezi kumwambia mshairi kama limekosea, mlinganyo waweza. Weka 8 mahali pa x: 15/3 ni 5, na 4/2 ni 2, 5 kutoa 2 ni 3. Sawasawa. Weka 32: 63/3 ni 21, na 28/2 ni 14, tofauti ni 7, wala si 3. Shahidi wa uongo amekamatwa papo hapo, bila ya mwalimu na bila ya wino mwekundu. Laiti mimi ningaliweka −25 katika 5x, ningaliona −125 ikinikodolea macho, ningalijua siku ile ile kwamba sikudhulumiwa na mtu ila na wimbo wangu.

Tena kuna milinganyo inayouacha wimbo ukiwa bubu. Katika 2x + 3 = 2x + 5 ukitoa 2x pande zote mbili hubaki 3 = 5, na x haimo tena. Usifadhaike, soma sentensi. Inasema jambo lisilowezekana, maana yake hakuna namba yoyote inayoifaa. Katika 2(x + 3) = 2x + 6 hubaki 6 = 6, nayo ni kweli daima; basi kila namba yafaa. Na katika 3x = 5x usiwe na pupa ya kugawanya kwa x, usije ukapata 3 = 5 ukasema hakuna jibu. Toa 3x pande zote mbili: 0 = 2x, basi x ni sifuri; na kwa kuwa x ni sifuri, hukuwa na ruhusa ya kugawanya kwayo.

Mwisho wa mashtaka ni huu: kanuni yetu haimsaidii mtu kuunda mlinganyo. Ukiambiwa kwamba katika shule wanafunzi ni mara 6 ya walimu, nawe umeita idadi ya wanafunzi w na idadi ya walimu l, je, utaandika 6w = l au w = 6l? Wengi huandika ule wa kwanza, kwa sababu maneno yamekuja kwa mpangilio huo. Jaribu: walimu wakiwa 10, wanafunzi ni 60. Katika 6w = l unapata 360 ni sawa na 10. Herufi si kifupisho cha jina la mtu. Ni idadi, na idadi iliyo ndogo ndiyo inayohitaji kuzidishwa ili ilingane na iliyo kubwa.

Najua utakalosema, msomaji. Utasema kwamba saa ya mtihani haingoji, na kwamba wimbo ni wa haraka. Nakujibu kwamba mwenye kuijua sababu anaruhusiwa kuutumia mkato, kwa maana akipotea anajua njia ya kurudi. Asiyeijua sababu, mkato ndiyo njia yake pekee, na akipotea amepotea. Tena karatasi za hisabati za mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, zimezoea kumwagiza mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na kumwambia kwamba alama zaweza kutolewa kwa kazi iliyo sahihi hata jibu likiwa si sahihi. Mtahini, basi, hasomi jibu tu. Anasoma utungo wako. Andika mlinganyo mmoja katika kila mstari, alama ya usawa chini ya alama ya usawa, na ujiulize katika kila hatua: nimetenda nini pande zote mbili? Mwishoni rudisha jibu lako katika swali. Lugha yetu imeziita kwa neno moja alama ya kujumlisha na alama ya ushindi. Na anayezigeuza zile bila ya sababu huzipoteza hizi.

Hukumu yangu ni hii. "Hamisha, geuza alama" ni muhtasari mwema wa kazi iliyokwisha kueleweka, na ni mwalimu mbaya wa kazi isiyoeleweka bado. Usiutupe, uweke nyuma, mahali pa mtumishi, na mbele yake utangulize usawa. Na mtu akikupa kanuni yoyote, katika hisabati au katika maisha, usiogope kumwuliza kwa adabu: inafaa wapi, inakoma wapi, na kwa nini? Kuuliza si ujinga. Mimi nilinyamaza siku ile daftari liliporudi, na ukimya huo ulinigharimu miaka.